Somo la maadili ya tiba linaishia mlangoni mwa wodi: tulifundishe wapi, na kwa lugha ipi?

MKUFUNZI WA MAADILI aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha katika chuo kimoja cha tiba hapa Tanzania, na mwaka huu nimekabidhiwa kazi ya kupitia upya somo la maadili na weledi kwa wanafunzi wa shahada ya udaktari. Kwa sasa somo hilo hufundishwa muhula mmoja tu wa mwaka wa kwanza, kwa mihadhara ya Kiingereza, katika ukumbi wa wanafunzi zaidi ya mia mbili. Wanafunzi husoma miongozo ya utafiti unaofanywa kwa binadamu, yaani Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, pamoja na utafiti wa Tuskegee ambao kuanzia 1932 hadi 1972 uliwaacha wanaume weusi wa Alabama waendelee kuugua kaswende bila tiba, hata baada ya penisilini kupatikana. Husoma pia zile nguzo nne ambazo sasa kila mmoja anaweza kuzitaja hata akiamshwa usiku wa manane: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kutenda jema, kutodhuru na kutenda haki. Mtihani ni wa kuchagua jibu, na wengi hufaulu vizuri.

Mwezi uliopita nilifuatana na raundi ya asubuhi ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao ndio kwanza wameanza wodi. Kitanda kimoja tulikizunguka watu kumi na wanne. Mwanafunzi aliyeitwa kupapasa ini alifunua kanga ya mama aliyelala pale bila kumwamkia, bila kumwambia yeye ni nani, na bila mtu yeyote kukumbuka pazia. Alilipata ini, akasifiwa, tukahamia kitanda kilichofuata. Tulipotoka nilimwuliza kijana yule ridhaa ya mgonjwa ni nini. Alinijibu kwa ufasaha kabisa, kwa Kiingereza, akataja vipengele vyake vyote bila kusahau kimoja, wala sikuona usoni mwake dalili yoyote kwamba swali langu lilimhusu yule mama.

Naomba kwa hiyo msaada wa mawazo kwa wale waliowahi kulifundisha somo hili au kufundishwa. Je, tatizo ni mahali tulipoliweka kwenye ratiba, ni namna tunavyolifundisha, au tunadai darasa lifanye kazi ambayo darasa haliwezi? Jambo la pili ni kwamba mwenzangu mmoja amependekeza tuongeze masomo ya insia, yaani fasihi, historia na falsafa, lakini kamati ya mtaala inauliza yatasaidia nini, na wenzetu wa anatomia wanataka kujua ni saa ngapi tunakusudia kuwanyang'anya.

DAKTARI WA ZAMU alijibu:

Shikamoo Mwalimu.

Mimi nimemaliza mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo hivi karibuni, kwa hiyo kijana uliyemweleza si mgeni kwangu. Naomba nieleze jambo moja lililonipata, kwa sababu naona jibu la swali lako la kwanza limo ndani yake.

Nilitumwa kuchukua saini ya ridhaa kwa mzee mmoja mwenye kisukari ambaye mguu wake ulikuwa umeoza hadi juu ya kifundo, na upasuaji ulipangwa kesho yake. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nilimweleza kwa dakika chache kwamba mguu utakatwa chini ya goti, kwamba atapewa nusu kaputi, na kwamba asipokatwa sumu itasambaa mwilini. Akasema, "Nimesikia, daktari," kisha akanyamaza. Nikamwuliza kama anakubali, akasema anamsubiri kaka yake. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekataa upasuaji, nikaendelea na kazi nyingine, na nakiri kwamba niliudhika.

Jioni daktari aliyekuwa mkubwa wangu alivuta stuli akakaa karibu na kitanda. Hakuanza na mguu. Alimwuliza mzee ametoka wapi, nani amebaki na mifugo, na akirudi nyumbani ataingiaje chooni. Baada ya muda mzee akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria hata kidogo: mguu ukishakatwa, utazikwa wapi, na nani? Alikuwa amesikia kwamba hutupwa. Alipoambiwa kwamba ndugu zake wanaruhusiwa kuuchukua na kwenda kuuzika, alisema basi kaka yake akifika aambiwe aje na shuka nyeupe. Akatia saini usiku uleule.

Mwalimu, mimi nilizijua nguzo nne. Nilichokosa kwanza ni stuli, yaani kule kukaa. Cha pili ni maneno. Miaka mitano nilijifunza magonjwa kwa Kiingereza, na siku ya kwanza wodini nilitakiwa niyaeleze kwa Kiswahili kwa mtu anayeogopa. Kwamba kipimo cha kukata sehemu ndogo ya uvimbe huitwa "kuchukua kinyama" sikufundishwa na mhadhiri. Nilimsikia mhudumu wa wodi akimweleza mgonjwa, nikaiba neno. Kabla ya siku hiyo nilikuwa ninazunguka maneno mpaka mgonjwa anadhani nataka kumfanyia operesheni.

BINGWA WA KANDA alijibu:

Nitasema jambo ambalo huenda halitawapendeza wengi hapa, ingawa ninamheshimu Mkufunzi kwa kulianzisha.

Nimekuwa daktari bingwa wa upasuaji kwa zaidi ya miaka ishirini, na wodi yangu mara nyingi ina wagonjwa wengi kuliko vitanda. Ninapoanza raundi saa moja na nusu nikijua saa tatu ninatakiwa chumba cha upasuaji, stuli ya kijana aliyetangulia ni anasa. Yule mkubwa wake alipata jioni tulivu, nami namshukuru, lakini mtaala haujengwi juu ya jioni tulivu. Tena sijaona shairi lililowahi kuzuia damu.

Hata hivyo kuna utafiti ambao Mkufunzi anapaswa kuuweka mezani mwa kamati yake. Mwaka 2009 Hojat na wenzake wa chuo cha tiba cha Jefferson, Philadelphia, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wao mwaka hadi mwaka kwa kipimo cha huruma walichokibuni wenyewe, wakakuta kwamba huruma hiyo ilisimama vizuri miaka miwili ya mwanzo, kisha ikaporomoka mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu ndio wanaoingia wodini. Kipimo chenyewe ni dodoso ambalo mwanafunzi hujijazia, na kujitathmini si sawa na kutenda, kwa hiyo nisingeapa juu yake. Lakini mwelekeo wake nauona kwa macho yangu kila mwaka. Wanakuja laini, wanatoka wagumu, na waliowafanya wagumu ni sisi. Mwaka 1994 Hafferty na Franks waliandika juu ya jambo hili, yaani mtaala uliofichika: yale ambayo mwanafunzi hufundishwa na desturi za wodi, hasira za wakubwa na vicheko vya korido, bila mtu kuyaandika kwenye ratiba. Yule kijana aliyefunua kanga hakuwa amelisahau somo lako, Mkufunzi. Alikuwa amejifunza somo letu.

Kwa hiyo usiongeze mihadhara mwaka wa kwanza. Ukitaka kufundisha maadili, anza na sisi mabingwa. Na ukitaka wanafunzi walichukulie jambo hili kwa uzito, liweke katika ule mtihani wa vituo, ambamo mwanafunzi hupita kituo baada ya kituo akifanya kazi fupi mbele ya mtahini, ambao Harden aliuanzisha Dundee, Uskoti, miaka ya 1970, kwa sababu mwanafunzi hasomi asichoulizwa. Naonya tu kwamba hapo nako pana mtego. Nimesimamia vituo vya namna hiyo, na nimewaona vijana wakiingia, wakiinamisha kichwa, wakisema "pole sana mama" kwa sauti ileile waliyoikariri bwenini, kisha wakitazama kama mtahini ameweka alama ya vema.

MWALIMU WA FASIHI alijibu:

Nawasalimu wote, na namsalimu kwa namna ya pekee Daktari Bingwa, ambaye sentensi yake kuhusu shairi na damu nitaiazima darasani kwangu.

Mimi ni mwalimu wa ndaki ya insia, si wa tiba, na nimewahi kualikwa mara chache kuzungumza na wanafunzi wa udaktari. Nianze kwa kukubaliana na mashaka yake, tena kwa kuyazidisha. Wapo wanaoamini kwamba mtu akisoma fasihi na falsafa huwa mwema. Historia haisemi hivyo. Katika kesi ya madaktari iliyosikilizwa Nuremberg, Ujerumani, kuanzia Desemba 1946 hadi Agosti 1947, kuhusu majaribio ya kikatili waliyofanyiwa wafungwa chini ya utawala wa Hitler, washtakiwa walikuwa 23, na 20 kati yao walikuwa madaktari. Nchi yao ilikuwa na miongozo ya serikali ya mwaka 1931 iliyodai mgonjwa aelezwe na aridhie kabla ya kujaribiwa tiba mpya, miaka 16 kabla ya Kanuni za Nuremberg. Zaidi ya hayo, mwaka 1939 utawala wa Hitler uliingiza rasmi katika vyuo vya tiba somo la sheria na maadili ya udaktari, na somo hilo lilifundisha kwamba mwili wa taifa unatangulia mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo swali la "tufundishe maadili saa ngapi" ni dogo kuliko swali la "maadili ya nani, kwa faida ya nani".

Pili, nashangaa kwamba mifano yote tunayowapa vijana wetu ni ya ng'ambo. Tuskegee ni ya lazima, siipingi, lakini mwanafunzi wa hapa huisikiliza kama habari ya ubaya wa watu wengine. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja uliotangulia, alikuja Visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, wakati malale yalipokuwa yakiua watu wengi kandokando ya ziwa. Aliwapa wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, na alipoona vijidudu vinarudi katika damu akapandisha dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, tena wasione kamwe. Koch hakuwa mhuni. Alikuwa mwanasayansi mkubwa mwenye haraka, aliyeamini kwamba anaokoa maelfu, mbele ya watu ambao hawakuwa na namna ya kumwambia hapana. Mpe mwanafunzi kisa hiki kisha mwulize: mkalimani alisema nini wakati sindano inaandaliwa? Hapo atalazimika kufikiri, kwa sababu jibu halimo kwenye slaidi, na kwa sababu mkalimani yule angeweza kuwa babu wa babu yake.

Sasa nirudi kwa ushairi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wa wosia kwa binti yake. Watu wengi huukumbuka kwa mafunzo ya adabu na ndoa, na siku hizi huugombania kwa hayo. Wachache hukumbuka kwamba ulitungwa na mgonjwa: anasema mwenyewe kwamba maradhi yamemkamata hata yametimiza mwaka, na inaaminika kuwa alifariki yapata miaka miwili baadaye. Niliwapa wanafunzi wa tiba beti zile za mwanzo, nikawaomba waandike historia ya mgonjwa kama wanavyoandika kwenye faili. Walihangaika. Hakuna homa, hakuna kikohozi, hakuna mahali maumivu yalipoanzia wala yanapoelekea. Kuna karatasi, wino, mtoto wa kike aliyeitwa akae karibu, na mama anayehesabu kilichobaki. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba kama angekuwa mgonjwa wake, angeandika "maelezo hayajitoshelezi". Mwingine akamjibu kwamba maelezo yanajitosheleza. Maswali yetu ndiyo machache. Sikuongeza neno.

Shairi halizuii damu, Daktari. Lakini mzee wa mguu alikuwa na swali moja kubwa, na kijana mwerevu hakulisikia kwa sababu hakuna kisanduku chake kwenye fomu. Kazi ya insia ni kumzoesha mtu kusikia kilicho nje ya kisanduku, na hiyo ni kazi ya mazoezi kama kupapasa ini.

MJUMBE KUTOKA BONDE LA UFA alijibu:

Hamjambo. Nachangia kwa ufupi kutoka Kenya.

Chuo Kikuu cha Moi, pale Eldoret, kilipoanza kufundisha udaktari mwaka 1990, kilijenga mtaala ambao sehemu yake hufanyika katika jamii, ambapo wanafunzi hupelekwa kwenye vituo vya afya na vijijini badala ya kungoja wagonjwa wafike hospitali ya rufaa. Mimi nilipitia mpango wa namna hiyo katika chuo kingine. Nilijifunza jambo moja ambalo Katiba yetu ya 2010 imeliandika kwa maneno machache katika kifungu cha 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini maana yake niliipata siku nilipotembea na mama mjamzito kilomita zilezile ambazo yeye hutembea kwenda kliniki. Kabla ya hapo ningemwandika kama mgonjwa "asiyefuata masharti".

Ila kukaa kijijini peke yake hakufundishi. Wiki ya kwanza mimi nilidhani nimepewa likizo. Kilichonibadilisha ni kwamba tulilazimika kuandika shajara na kuisoma kwa sauti mbele ya wenzetu saba na mkufunzi mmoja ambaye hakutoa alama.

SISTA WA WODI YA WANAWAKE alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na naona madaktari na walimu mmezungumza mengi ya kweli, lakini hakuna aliyeuliza nini hutokea raundi ikishaondoka.

Raundi ikiondoka, mgonjwa huniita. "Sista, wamesemaje?" Kila siku, kitanda baada ya kitanda. Wamesimama miguuni pake watu kumi na zaidi, wamezungumza habari za mwili wake kwa robo saa kwa lugha asiyoijua, ameokota neno "kansa" katikati, na sasa ananiuliza mimi. Wengine hawaulizi, hugeukia ukutani. Mimi si ruhusa yangu kutoa majibu ambayo daktari hajayatoa, kwa hiyo nami huanza kuzungukazunguka.

Kuhusu pazia: pazia la kusukuma tunalo moja kwa wodi nzima, na gurudumu lake moja limevunjika. Niliseme hili kwa sababu mnajadili heshima kana kwamba iko moyoni tu.

Kama mnataka shauri langu, mwacheni mwanafunzi mmoja kwa kila kitanda raundi inapohama. Akae dakika kumi, amweleze mgonjwa kwa Kiswahili kilichosemwa na kitakachofuata, kisha amwulize, "Mama, hebu niambie umeelewaje?" Muuguzi awepo asikilize. Mtajua siku hiyohiyo nani amejifunza maadili na nani ameyakariri.

MKUFUNZI WA MAADILI alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimekaa na majibu haya kwa siku kadhaa na nimeandika rasimu ambayo nitaipeleka kwenye kamati, nikijua kwamba sehemu yake itakatwa.

Mihadhara ya mwaka wa kwanza nitaipunguza ibaki ile ya historia na sheria, na kisa cha Ssese kitaingia kando ya Tuskegee. Saa zitakazobaki nitazihamishia mwaka wa tatu na wa nne, wodini, bila kugusa hata dakika moja ya anatomia. Pendekezo la Sista nimelichukua kama lilivyo: mwanafunzi abaki kitandani, aeleze, aulize ameeleweka vipi, na muuguzi asikilize. Mara moja kila wiki mbili makundi ya watu wanane yatakutana kusoma walichoandika, pamoja na maandishi atakayotuchagulia Mwalimu wa Fasihi, bila alama. Alama zitatolewa katika kituo kimoja tu cha mtihani, na ili kuukwepa mtego wa "pole sana mama", ninafikiria mtahini wa kituo hicho awe muuguzi mzoefu, na kazi yenyewe iwe kujibu swali ambalo mwanafunzi hakulitarajia, kama lile la kuzika mguu. Sina hakika kwamba itatosha. Bingwa amesema kweli kwamba wodi itafundisha zaidi yangu.

Kwa sababu hiyo namwomba Bingwa aturuhusu tuanzie wodini kwake, siku za Alhamisi.

Nimeanza pia orodha ya maneno ya Kiswahili ya kuzungumzia magonjwa na mgonjwa. "Kinyama" kimeingia. Nimekwama kwenye tiba ya mtu ambaye ugonjwa wake hauwezi tena kuponywa. Neno rasmi tunalo, "tiba shufaa", nalo ni zuri katika hati za wizara, lakini nilipolijaribu kwa mzee mmoja wa Pwani alidhani ninazungumzia kuombewa Siku ya Kiyama. Nyinyi mnasemaje mbele ya mgonjwa?

BINGWA WA KANDA alijibu:

Alhamisi yangu ina upasuaji tangu asubuhi. Niwekeeni Jumanne, tena wasizidi wanane. Nami nitawatangulia kumsalimia mgonjwa. Msije mkaandika utafiti juu yangu.

SISTA WA WODI YA WANAWAKE alijibu:

Neno hilo la wizara hatulitumii kitandani. Sisi husema, "Mama, ugonjwa huu hatuna dawa ya kuuondoa, lakini maumivu tunayo dawa yake, nayo tutakupa leo." Kisha tunanyamaza. Mara nyingi swali linalofuata ni la watoto, nalo halina jibu kwenye orodha yenu, kwa hiyo wafundisheni vijana wasikimbilie kulijibu.

Na Jumanne hiyo naomba mtu aje na gurudumu la pazia.